Unazi wa Mpira, Ulevi wa Tamthilia

Mnazi wa mpira na mpenzi wa tamthilia huhesabiwa kuwa watu wasiopikika chungu kimoja, hasa katika nyumba yenye televisheni moja na rimoti moja. Wa kwanza hujisifu kwamba anafuatilia jambo la kweli, ambalo hakuna aliyeliandika kabla halijatokea. Wa pili hujibu kwamba yeye anafuatilia maisha: ndoa, wivu, mirathi na mtoto aliyefichwa. Zikitazamwa kwa karibu, raha hizi mbili zina viungo vilevile, yaani upande wa kuupenda, adui wa kumchukia, mwisho usiojulikana na muda wa kusubiri. Kiungo hicho cha mwisho ndicho kikubwa. Mechi huchukua dakika 90, na kipande cha tamthilia nusu saa au saa nzima. Siku zinazotenganisha mechi na mechi, au kipande na kipande, hujazwa ubishi, ubashiri, kejeli na kumbukumbu. Ushabiki huishi humo zaidi kuliko mbele ya kioo.

Masikio kabla ya macho

Katika Afrika Mashariki raha zote mbili zilikulia redioni. Televisheni ya Zanzibar, ya kwanza ya rangi katika Afrika kusini mwa Sahara, ilianza mwaka 1973, lakini Tanzania Bara ilikaa bila televisheni mpaka 1994, vilipoanza vituo binafsi kama ITV. Kwa zaidi ya miaka 30 baada ya uhuru, basi, mpira na maigizo yalikuwa mambo ya kusikilizwa. Redio Tanzania Dar es Salaam ilitangaza mechi za ligi na za Taifa Stars, na ilirusha pia vichekesho vya akina Pwagu na Pwaguzi. Nchini Kenya, Leonard Mambo Mbotela, aliyefariki dunia mwaka 2025, alikuwa sauti ya mpira na vilevile ya kipindi cha adabu na maadili, “Je, Huu ni Ungwana?”

Mtangazaji wa mpira redioni hana picha ya kumsaidia. Hana budi kusema mpira uko upande gani, nani anao, anaelekea goli lipi na umati unapiga kelele kwa sababu gani. Hupandisha sauti kadiri mpira unavyokaribia eneo la hatari, hivyo msikilizaji huanza kusimama kabla hajaambiwa kuna nini. Mwigizaji wa redio hufanya kazi hiyohiyo kwa pumzi, kicheko na mlio wa mlango. Waliolelewa na sauti hizo walijichorea uwanja na nyumba za wahusika kichwani mwao, na kwa kuwa redio nzuri zilikuwa chache, walizoea kusikiliza kwa makundi na kubishana papo hapo.

Nguvu ya mazoea hayo ilipimwa kisayansi. Mwezi Julai 1993, Redio Tanzania ilianza kurusha “Twende na Wakati”, mchezo wa mfululizo uliolenga uzazi wa mpango na kinga dhidi ya UKIMWI. Ulijengwa kwa mbinu iliyobuniwa Mexico na Miguel Sabido katika miaka ya 1970: kuwe na mhusika mwema, mhusika mbaya, na wa tatu aliye njia panda, ambaye msikilizaji atapita naye katika makosa na mabadiliko. Mhusika aliyetia fora alikuwa Mkwaju, dereva wa lori mwenye wanawake njiani, pamoja na mkewe Tunu, ambaye mwishowe anasimama kwa miguu yake mwenyewe. Katika miaka miwili ya kwanza kipindi hicho hakikurushwa na mtambo wa Dodoma, na kwa hiyo watafiti, akiwamo Mmarekani Everett Rogers, waliweza kulinganisha wasikilizaji wa mikoa mingine na watu wa eneo hilo. Waliona kwamba waliosikiliza walizungumza zaidi na wenzi wao na kutumia njia za uzazi wa mpango kwa wingi zaidi. Mchezo ulifanya kazi kwa sababu ulizungumzwa baada ya redio kuzimwa.

Watani wa jadi

Tamthilia ndefu kuliko zote nchini Tanzania haina mwandishi. Ni ya Simba na Yanga. Young Africans iliundwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata ikazaliwa klabu iliyoitwa Queens, baadaye Sunderland, kisha Simba kuanzia 1971. Makao ya zote mbili yako Kariakoo, Dar es Salaam: Simba katika mtaa wa Msimbazi, Yanga upande wa Jangwani na mtaa wa Twiga. Nyekundu na nyeupe upande mmoja, kijani na njano upande wa pili, na mgawanyiko huo umesambaa nchi nzima mpaka katika vijiji ambavyo havijawahi kuona basi la timu yoyote kati ya hizo.

Kinachozuia uhasama huo usigeuke vita ni utani. Jamii nyingi za Tanzania zilikuwa na utani wa makabila, uhusiano unaompa mtu ruhusa ya kumtukana mwenzake bila kukasirikiwa, na unaomlazimu kumsaidia siku ya shida, hasa msibani. Mpira uliurithi mfumo huo mzima. Shabiki wa Simba huwaita wenzake Kandambili au Utopolo. Wa Yanga hujibu kwa Mikia au Makolo. Timu ikifungwa, watani hufika na pole za kejeli na kuuliza mazishi ni lini. Bosi na mfagiaji, mkwe na mkwe, mwalimu na mzazi hupata nafasi ya kuchokozana ambayo kwa siku za kawaida heshima isingeiruhusu. Kenya ina ndugu wa jambo hilo katika mechi ya Gor Mahia, iliyoundwa 1968, na AFC Leopards, iliyoundwa 1964. Mechi hiyo huitwa ya mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya, ambao ndio mizizi ya klabu hizo, wameoana sana.

Kila tamthilia ndefu ina vipande ambavyo watu hawavisahau, na ubishi wa watani husimama juu ya matokeo machache. Tarehe 1 Juni 1968 Yanga ilishinda 5-0. Julai 19, 1977 Simba ililipa kisasi kwa 6-0, Abdallah Kibadeni akifunga mabao matatu. Mei 6, 2012 Simba ikashinda tena 5-0. Novemba 5, 2023 Yanga ilishinda 5-1 baada ya mapumziko kufika timu zikiwa 1-1, na kocha wa Simba, Mbrazili Roberto Oliveira “Robertinho”, akaondolewa siku chache baadaye. Mtoto aliyezaliwa miaka 30 baada ya 1977 huijua ile sita kama aliyekuwapo uwanjani, kwa sababu ameisikia kwa babu, kwa kinyozi na kwa mwalimu.

Mechi inayoonyesha vizuri jinsi mpira unavyofanana na mchezo wa kuigiza ni sare ya 3-3 ya Oktoba 20, 2013. Yanga ilikwenda mapumziko ikiongoza 3-0 kwa mabao ya Mrisho Ngassa na Hamis Kiiza, aliyefunga mawili. Mashabiki wa Simba walianza kuondoka. Kipindi cha pili Betram Mombeki, Joseph Owino na Gilbert Kaze walirudisha yote matatu. Kwa hesabu ilikuwa sare, pointi moja kwa kila upande. Kwa hadithi ilikuwa ushindi wa mmoja na aibu ya mwingine, na mpaka leo husimuliwa hivyo.

Hata mechi isiyochezwa hutosha kuwa kipande. Mechi ya watani ya Machi 8, 2025 iliahirishwa siku yenyewe, baada ya Simba kutangaza kwamba haitacheza kwa madai ya kuzuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku uliotangulia. Ilichezwa Juni 25, na Yanga ikashinda 2-0. Kwa zaidi ya miezi mitatu kati ya tarehe hizo, vijiwe vilipata kazi: kanuni zilisomwa aya kwa aya na watu ambao hawajawahi kuzifungua, kila mmoja akiwa wakili wa upande wake.

Tamthilia hii ina wasimulizi wa kulipwa pia. Msemaji wa klabu, ambaye kwingine ni mtoaji wa taarifa tu, Tanzania ni mhusika mkuu. Haji Manara aliisemea Simba kwa miaka kadhaa, kisha mwaka 2021 akahamia Yanga, kisa ambacho mwandishi wa tamthilia angeogopa kukiandika asije akaambiwa amezidisha. Tena yeye ni mtoto wa Sunday Manara, nyota wa zamani wa Yanga aliyekwenda kucheza soka Uholanzi katika miaka ya 1970. Kazi ya msemaji ni kujaza siku za katikati: kutamba, kuchokoza, kujibu na kuhakikisha kwamba watu wanaifikiria mechi wiki nzima kabla haijafika.

Ufundi wa kumkatisha mtu

Tamthilia ya televisheni imejengwa waziwazi kwa ajili ya kusubiriwa. Asili yake ni michezo ya redio ya Marekani ya miaka ya 1930, iliyodhaminiwa na viwanda vya sabuni vilivyotaka kuwafikia akina mama wakiwa nyumbani mchana. Mdhamini alitaka msikilizaji arudi kesho, hivyo waandishi wakajifunza kukata kipande pale ambapo siri inakaribia kufichuka. Mpaka sasa kipande hukatwa mlango unapofunguliwa, simu inapopokewa au mgonjwa anapofumbua macho.

Kutokana na mzizi huo yamechipuka matawi mawili makubwa. Tawi la kwanza ni la tamthilia isiyo na mwisho, ambamo wahusika huzeeka, hufa na kurithiwa na watoto wao. “Isidingo” ya Afrika Kusini, iliyokuwa na wapenzi wengi Tanzania, ilianza 1998 na kufungwa 2020. Tawi la pili ni la Amerika ya Kusini na Mexico: hadithi ndefu ya vipande mia na kitu, lakini yenye mwisho, ambao kwa kawaida ni harusi, kufichuliwa kwa ukoo na adhabu ya mwovu. Waturuki na Wakorea walichukua njia ya kati. “Jumong” ya Korea Kusini, iliyorushwa kwao mwaka 2006 na 2007 na kupendwa sana Tanzania, ina vipande 81. Tamthilia ya Kituruki ya Sultan Suleiman, iliyorushwa kwao kuanzia 2011 hadi 2014, ina vipande 139, na kila kimoja kwa kawaida huzidi saa nzima.

Mpira una matawi hayohayo. Ligi Kuu ya Tanzania Bara yenye timu 16 ina raundi 30 na mechi 240, halafu bingwa hupatikana na kitabu hufungwa: hiyo ni hadithi yenye mwisho. Utani wa Simba na Yanga ni hadithi isiyo na mwisho. Shabiki aliyepoteza ubingwa mwezi Mei hubaki na kesi ya mwaka 1968 au 1977 ya kutetea, na aliyeshinda hajui atashinda mpaka lini. Ligi hutoa hukumu kila mwaka. Utani huikatia rufaa.

Waandishi wa Afrika Mashariki nao wana historia ndefu. Nchini Kenya, “Vitimbi” ya KBC iliwafanya Mzee Ojwang’ na Mama Kayai kuwa kama wazazi wa kila nyumba. Benson Wanjau, aliyeigiza kama Ojwang’ mpaka uzeeni na kufariki mwaka 2015, alijulikana kwa jina la mhusika kuliko lake mwenyewe. Tanzania, kundi la Kaole lilionekana ITV na kuwalea waigizaji waliokuja kuwa nguzo za filamu za Bongo, akiwamo Steven Kanumba, aliyefariki Aprili 7, 2012. Mwaka 2012 pia ilirushwa “Siri ya Mtungi”, yenye vipande 26, iliyomfuata mpiga picha aitwaye Cheche kati ya Bagamoyo na Dar es Salaam. Siku hizi “Huba” na “Jua Kali”, iliyoongozwa na Leah Mwendamseke anayejulikana kama Lamata, zina watu wanaozifuatilia kwa bidii ileile ya mnazi anayehesabu pointi.

Kwa nini mtu anajali

Swali la kwa nini mtu mzima alie kwa ajili ya mtu asiyemjua, au akose usingizi kwa penalti iliyopaa juu ya mwamba, limechunguzwa tangu katikati ya karne ya 20. Mwaka 1956, Donald Horton na Richard Wohl walieleza kwamba mtazamaji hujenga na sura ya kwenye televisheni uhusiano unaofanana na urafiki, ingawa ni wa upande mmoja. Sura hiyo huonekana saa ileile kila siku, nyumbani, ikizungumza kwa ukaribu, na akili huizoea kama jirani. Ndiyo maana mwigizaji wa mhusika mwovu hutukanwa sokoni, na mchezaji aliyeihama klabu huitwa msaliti na mtu ambaye hajawahi kumpa mkono.

Dolf Zillmann na wenzake, katika miaka ya 1970, waliunganisha tamthilia na michezo katika maelezo mamoja. Kwa maoni yao mtazamaji hukaa kama hakimu: humpima mhusika, humpenda au humchukia, kisha humtakia mema au mabaya. Raha hupatikana apendwaye anapofanikiwa, na pia achukiwaye anapoumia. Mwaka 1979, Zillmann, Jennings Bryant na Barry Sapolsky waliyatumia maelezo hayo kwa washabiki wa michezo. Kwa mashabiki wa Dar es Salaam hili halihitaji maabara. Simba ikicheza na timu ya nje, wapo Wanayanga wanaovaa jezi ya wageni na kukaa nao jukwaani. Yanga ikicheza, Wanasimba huwarudishia. Yanga ilipokosa Kombe la Shirikisho Afrika mwaka 2023 mbele ya USM Alger kwa kanuni ya bao la ugenini, baada ya kufungwa 2-1 nyumbani na kushinda 1-0 Algiers, na Simba ilipofungwa na RS Berkane katika fainali ya kombe hilohilo mwaka 2025, kila upande ulipata faraja kwa huzuni ya mwenzake.

Robert Cialdini, katika utafiti uliochapishwa mwaka 1976, aliona kwamba wanafunzi wa vyuo vikuu vya Marekani walivaa nguo zenye jina la chuo kwa wingi zaidi siku za Jumatatu baada ya timu yao kushinda, na kwamba walisema “sisi” wakisimulia ushindi na “wao” wakisimulia kipigo. Vijiweni hali ni hiyohiyo. Jumapili husemwa “tumewapiga”; timu ikifungwa, sentensi huwa “wamefungwa, kocha hajui kupanga timu.”

Sauti ya Kiswahili

Tamthilia na filamu nyingi zilizopendwa Afrika Mashariki zilitoka mbali, na zilihitaji mtu wa kuzileta nyumbani. Kabla ya studio kulikuwa na msimulizi. Uganda walimwita VJ, naye alisimama ukumbini na kueleza filamu kwa Kiluganda huku ikiendelea. Tanzania msanii aliyejulikana kama Lufufu alieneza mtindo huo kwa Kiswahili, akirekodi sauti yake juu ya filamu za Kihindi, Kichina na Kimarekani. Kenya DJ Afro alijipatia jina kwa kazi kama hiyo. Msimulizi hafungwi na maneno ya filamu: humpa steringi jina la utani, humwonya kwamba adui yuko nyuma ya mlango, hucheka, hukosoa. Kazi yake inafanana mno na ya mtangazaji wa mpira wa redio, na wengi wa wasikilizaji wake walimpokea kwa masikio yaliyokwisha kufundwa na redio.

Njia ya pili ni kuingiza sauti studioni, kila mhusika akipewa msemaji wake. Hatua kubwa ilikuwa mwaka 2011, tamthilia ya Kichina “Doudou na Mama Wakwe Zake” iliporushwa na TBC kwa Kiswahili. Kisa chake ni cha mke kijana anayepaswa kuishi kwa amani na mama mkwe zaidi ya mmoja, jambo lisilohitaji kufafanuliwa kwa mtazamaji wa Tanga au Mombasa. Rais Xi Jinping aliitaja katika hotuba yake jijini Dar es Salaam Machi 2013. Baadaye StarTimes na Azam TV zilifanya kazi hiyo kuwa ya kudumu, na Sultan Suleiman na mkewe Hurrem wakaanza kugombana kwa Kiswahili kilichonyooka.

Kazi ya kuingiza sauti ina masharti yake. Sentensi ya Kiswahili lazima iishe pale midomo ya mwigizaji inapofunga, na maneno ya Kiswahili mara nyingi ni marefu. Mfasiri hupunguza, hupanga upya, na huamua nani amwamkie nani. Mtoto anayempita mama mkwe kimya katika lugha ya asili huenda kwa Kiswahili akasikika mkosa adabu, hivyo maamkizi hupenyezwa penye nafasi. Mtazamaji hayaoni maamuzi hayo yakifanywa vizuri. Huyaona yakikosewa tu.

Sebuleni, saluni na kibanda umiza

Ushabiki hutegemea mahali. Mpira wa nje una nyumba yake katika kibanda umiza: ukumbi wa mbao au mabati, mabenchi, televisheni moja au mbili, na ubao mlangoni ulioandikwa kwa chaki mechi na saa zake. Kiingilio ni kidogo, hewa ni nzito na kila kiti kina mchambuzi. Tamthilia hutazamwa sebuleni, kwa jirani mwenye king’amuzi kilicholipiwa, au saluni, ambako kusuka huchukua saa nyingi na kipande cha jana hurudiwa kwa mdomo kwa faida ya aliyekikosa. Mgawanyo wa wanaume mpirani na wanawake kwenye tamthilia haukuwahi kuwa kamili. Wanaume walinunua kwa wingi diski za “sizoni” kama “Jumong” na “Prison Break”, na Simba Day, inayofanyika kila mwaka tangu 2009, pamoja na Wiki ya Mwananchi ya Yanga, huujaza wanawake Uwanja wa Benjamin Mkapa wenye viti 60,000.

Ugomvi wa rimoti una sababu ya kijiografia. Afrika Mashariki iko mbele ya London kwa saa tatu wakati wa baridi ya Ulaya na saa mbili wakati wa kiangazi chao. Mechi ya Ligi Kuu ya Uingereza inayoanza saa tisa alasiri huko huanza hapa saa kumi na mbili au saa kumi na moja jioni. Ligi ya Mabingwa ya Ulaya huanza saa tano au saa nne usiku. Mechi za ligi ya ndani nazo mara nyingi huchezwa jioni na mapema usiku. Tamthilia hushika saa moja hadi saa nne usiku, zikikatizwa na taarifa ya habari ya saa mbili. Nyumba yenye vyote viwili ina saa moja au mbili za mgongano, na hapo hutungwa mikataba: wikendi ni ya mpira, siku za kazi ni za tamthilia, na fainali ya chochote huvunja mkataba.

Simu ya mkononi imelegeza ugomvi huo na kuleta mwingine. Bao huonekana mtandaoni dakika moja baada ya kufungwa, na kifo cha mhusika husambazwa kabla ya kipande kurushwa. Mwenye kusimulia mwisho kabla ya wakati huonekana ameiba kitu, na kweli ameiba: ameondoa kusubiri, ambako ndiko kulikolipiwa.

Fedha za kusubiri

Biashara inalijua hilo vizuri. Mwaka 2021, Azam Media na Shirikisho la Soka Tanzania walitia saini mkataba wa miaka 10 wa haki za kuonyesha Ligi Kuu wenye thamani ya shilingi bilioni 225.6. Kampuni hiyohiyo ina chaneli ya Sinema Zetu kwa ajili ya filamu na tamthilia. MultiChoice nayo hubeba mpira wa Ulaya katika chaneli zake za michezo na tamthilia za Kitanzania katika Maisha Magic Bongo. King’amuzi huuzwa kwa jina la mpira na kulipiwa mwezi baada ya mwezi kwa sababu ya tamthilia, au kinyume chake, kutegemea nani mwenye pesa nyumbani. Mechi humfanya mtu anunue leo; mfululizo humzuia asiache kulipa kesho.

Mchezo wa kubashiri umeongeza kamba nyingine. Aliyeweka mkeka hufuatilia timu asizozijua katika nchi asizoweza kuzionyesha kwenye ramani, na ushabiki wake hugeuka kuwa hesabu. Tamthilia haina mkeka, labda kwa sababu mwisho wake umeshaandikwa na kuna watu wanaoujua.

Tofauti zinazobaki

Pamoja na kufanana kote, tofauti zipo. Ya kwanza ni ya lawama. Tamthilia ina mwandishi, na mtazamaji aliyeudhika ana wa kumlaumu. Mpira hauna mwandishi, hivyo shabiki humtafuta: mwamuzi, kocha, mfadhili au “kamati ya ufundi”, jina la adabu linalopewa mambo ya ushirikina. Klabu kubwa za Tanzania zimewahi kutozwa faini kwa kuingia uwanjani kwa njia isiyo rasmi, jambo ambalo mashabiki hulielewa bila kufafanuliwa. Shabiki mwenyewe ana kamati yake ndogo: jezi isiyofuliwa, kiti kisichobadilishwa, jirani asiyekaribishwa kwa kuwa siku aliyokuja timu ilifungwa.

Ya pili ni ya haki. Tamthilia humlipa mwema mwishoni, na asipolipwa watazamaji hulalamika kwamba imeharibiwa. Mpira haudaiwi wema na mtu. Simba ilitoka sare ya 0-0 ugenini na Stella Abidjan katika fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993, ikarudi Dar es Salaam mbele ya watu wake na kufungwa 2-0. Hakuna mwandishi wa tamthilia ambaye angethubutu kumaliza hivyo.

Ya tatu ni ya mwisho wenyewe. Tamthilia ikiisha, wahusika wake hawarudi, na mpenzi wake huanza upya na majina mageni, akijifunza nani ndugu wa nani. Shabiki wa mpira hapewi nafasi ya kumaliza. Msimu ukifungwa, dirisha la usajili hufunguliwa, picha za wachezaji uwanja wa ndege huanza kusambaa, wasemaji hurudi redioni, na mwezi Agosti ratiba mpya hutoka ikiwa na tarehe mbili ambazo mashabiki huzitafuta kabla ya nyingine zote.